Gia ya Pili kwenye Mlima wa Kanisa Kuu

Beryl Sneddon alikabidhiwa kofia na mfuko wa tiketi mwaka 1967, akiwa na miaka ishirini na moja, akapangiwa basi la ghorofa nambari 2604, lililokuwa likipeleka watu kiwanda cha chuma. Kabla jua halijachomoza lilikuwa limeshajaa wanaume na mikoba yao ya chakula, wanavuta sigara kule juu mpaka humjui nani ni nani. Walimtania, naye hakuwa mtu wa kubaki nyuma. Kulikuwa na mmoja, Les, kila Jumatatu amepoteza tiketi.

"Ukipoteza tena, Les, nakugonga muhuri kwenye kipara," Beryl alimwambia mbele za watu. Les hakupoteza tena.

Lakini alichokuwa akikitaka ni usukani. Aliomba mara mbili. Mara ya kwanza msimamizi alicheka, mara ya pili hata kucheka hakujisumbua. Pale gereji wanawake walikata tiketi, wanaume waliendesha, na kama hukupenda mlango ulikuwa wazi. Hasira ya jambo hilo haikumtoka Beryl, na mimi simlaumu hata kidogo.

Basi akasimama nyuma miaka kumi na mmoja, akisikiliza. Katika mabasi yale dereva hukaa peke yake mbele, ubavuni mwa injini, ndani ya kibanda chenye mlango wake. Wa nyuma humwona kisogo tu kupitia kidirisha, na ukitaka kusema naye unapiga kengele au unagonga kioo. Beryl aliwajua madereva wake kwa masikio. Gia ikiingia tu, alijua huyu jana kalewa na yule kagombana na mkewe.

Na gia iliyowaumbua wote ni ya pili. Ile ya 2604 haitaki nguvu. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unangoja injini ishuke, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukiwahi, inasaga meno. Ukichelewa, inasaga vilevile, na abiria wote wanakutazama kama umemkanyaga mbwa.

Miaka ilikwenda. Kiwanda kilifungwa, Beryl akawa bibi, akabadilishwa goti. Basi lilistaafu utumishi wa jiji, lakini kazi halikuacha. Chama cha mabasi ya zamani kililichukua, na kila Jumapili lilibeba watu kutoka bandarini, juu ya mlima wa kanisa kuu, hadi ufukweni: maharusi, wajukuu, wazee wa kiwandani waliotaka kukaa viti vyao vya zamani. Beryl akiwa na miaka sabini na moja alikuwa amelirudia, anasimama mlangoni na mfuko wake begani.

Mwezi Machi dereva wa mwisho aliyeliweza alikataliwa na daktari kwa sababu ya macho. Kelvin Mudge, mwenyekiti wa chama, mtu mpole anayeogopa kila karatasi yenye muhuri, akamweleza Beryl ukweli. Asipopatikana dereva aliyefaulu mtihani wa basi hilo kabla ya Juni kwisha, oili itamwagwa, basi litapandishwa juu ya magogo ndani ya ukumbi wa makumbusho, na kamba itazungushwa watu wasiliguse.

"Mtalifanya kabati," Beryl akasema.

"Si mimi, Beryl. Ni watu wa bima."

"Wewe na bima yako, makabati nyote!"

Aliyejitokeza alikuwa Vesna Petkovska, mwanamke wa miaka arobaini, dereva wa mabasi mapya ya jiji, yale yanayojibadilishia gia yenyewe. Kwa vile hakuna mwingine aliyejua sauti za 2604, Beryl akapewa kazi ya kumfundisha. Vesna alikaa kibandani, Beryl nyuma ya kidirisha. Walipatana hivi: injini ikishuka panapostahili, Beryl agonge kioo, Vesna aingize.

Beryl aligonga. Gia ikasaga. Akagonga tena, ikasaga tena; mpaka mkono wa Vesna usogee, injini ilikuwa imeshashuka mno. Jumamosi tatu walizunguka uani hivyo hivyo. Na lazima niseme, Beryl aligonga kwa chuki. Alimwonea wivu yule mwanamke aliyepanda kibandani kirahisi tu, bila kuchekwa na mtu, na wivu huo ulimuuma kwa sababu alijua Vesna hana kosa.

Jumamosi ya nne Vesna alizima injini, akashuka na mkoba wake.

"Miaka kumi na mitano naendesha mabasi," akasema, "nije kugongewa kioo kama nimekawia chooni? Naenda zangu."

"Si uisikilize injini? Nasikia mimi toka nyuma, wewe uliye mbele husikii?"

"Sisikii, nimeshakwambia. Hivi mama, wewe umewahi kuliendesha hili?"

Beryl angeweza kudanganya. "Hata siku moja," akasema. "Walininyima."

Vesna aliutazama uso wake, akaweka mkoba chini. "Panda," akasema. "Uani hapa hakuna wa kukukataza. Panda bwana, nitakusukuma."

Akamsukuma kweli, goti la bandia na yote. Beryl akawasha, akaondoka na gia ya kwanza, akakanyaga, akatoa, akatega sikio kwa sauti anayoijua. Haikuja! Injini ilinguruma sikioni mwake ikafunika kila kitu. Akaingiza kwa kubahatisha, ikasaga vibaya kuliko ya Vesna.

"Mungu wangu! Mbona sisikii kitu?"

"Si ndiyo nimekwambia tangu juzi!"

Beryl aliona aibu. Miaka yote alidhani madereva wanasikia anachosikia yeye. Akajaribu tena, na safari hii akaacha masikio, akaweka akili mkononi. Mkono wa gia ulitetemeka, ukatetemeka, halafu ukatulia. Akasukuma, ukaingia kama kidole kwenye siagi.

Alipiga ukelele mpaka Kelvin akatoka ofisini mbio, akidhani kuna mtu kapondwa. Beryl alivuka ua mzima na gia ya pili, akicheka na kulia kwa pamoja, wala hakujificha.

"Njoo," akamwambia Vesna. "Usinisikilize mimi tena. Subiri mkono wa gia utulie."

Mtahini alikuja kutoka Sydney, mzee mmoja mkavu. Siku ya mtihani alikaa karibu na kidirisha, Beryl akasimama mlangoni nyuma, amekatazwa kugusa chochote. Katikati ya mlima wa kanisa kuu gari dogo lilijitokeza ghafla, Vesna akafunga breki. Sasa aondoke na basi la tani saba pale pale kwenye mwinuko. Gia ya kwanza ikavuta. Kisha injini ikaanza kushuka. Beryl alisikia ule ukimya wa katikati, ukawa mrefu, ukazidi urefu. Amechelewa, akawaza, tumekwisha. Kumbe ya pili ilikuwa imeshaingia, na basi linapanda.

Kule ufukweni mtahini aliandika, akageuza karatasi. "Amefaulu. Aliyemfundisha atie sahihi hapa."

"Mimi sina leseni ya basi," Beryl akasema. "Sijapata kuwa nayo."

"Sikuulizia leseni. Nani kamfundisha?"

"Huyo huyo," Vesna akadakia toka kibandani. "Saini basi, mama, watu wamepanga foleni!"

Beryl akaandika jina lake lote. Chini yake palikuwa na nafasi ya cheo. Kelvin, aliyekuwa akiwasubiri pale ufukweni, akamnong'oneza aandike mwalimu wa madereva, ndivyo inavyotakiwa. Beryl akainama, akaandika taratibu, kwa herufi kubwa: KONDAKTA.