Mawe ya Pamba

Wifi yangu alinichukia kabla sijatua mzigo chini. Nilipofika Nyarugusu kuolewa, yeye ndiye aliyetoka mlangoni. Akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu, akasema kwa Kizinza maneno ambayo sikuyajua, na mume wangu, ambaye ni mdogo wake, akacheka. Nilimuuliza mume wangu baadaye dada yake kasema nini. Akajibu, "Kakukaribisha." Ilinichukua miezi kadhaa kuanza kuielewa lugha yao, ndipo nikajua alichosema: "Hiki ndicho ulichokifuata mbali kote huko?"

Alikuwa mjane, na ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yao kufariki. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yake. Unga, chumvi na mafuta ya taa vilikaa chumbani kwake, na mimi nilikwenda kuviomba kila siku, nikisimama mlangoni kama mgeni. "Shikamoo wifi, naomba chumvi." Siku nyingine aliitikia, siku nyingine aliniacha nisimame mpaka amalize kusuka nywele zake.

Mimi kwetu ni upande wa Shinyanga, kijiji kisicho mbali na Kolandoto, ambako pamba hulimwa mpaka ukutani mwa nyumba. Kabla sijaolewa nilikuwa yaya mjini, nyumbani kwa Mhindi mwenye duka la nguo. Mke wake ndiye aliyenifundisha kushona mfarishi. Mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye kitambaa juu, kitambaa chini na pamba katikati, kisha hupigwa mishono mingi ili pamba isihame. Mifarishi ya mama yule ilikuwa bapa kama chapati, na mishono yake ilikwenda safu kwa safu. Siku moja nilipitiwa, nikaacha nafasi kubwa kati ya safu mbili, na pamba ikavimba pale kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Alinikaripia, akanifumulisha kazi yote. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Penye uzi nguo huzama, pasipo uzi huinuka. Kumbe kwa sindano mtu anaweza kufanya kilima na bonde.

Nyarugusu ilikuwa nchi ya mashimo. Mume wangu alifanya kazi kwenye mgodi mdogo wa Mzungu mmoja, na sisi wanawake, siku mbili tatu kwa wiki, tulikwenda kijitoni na makarai kuosha mchanga uliotupwa. Dhahabu niliyopata ilikuwa vumbi tu, nayo nilimpa mume wangu yote. Masika yalipoingia, baridi ilipenya kwenye udongo wa kuta, na nyumba nzima ilikuwa na blanketi moja. Blanketi lilikuwa la wifi.

Nikaamua kushona mfarishi wangu. Mama alinitumia kutoka kwetu gunia la pamba ya shambani, ile ambayo haijapita kiwandani, ina mbegu zake ndani. Nikakusanya kaniki iliyochakaa, kitambaa cheupe cha marekani nilichokuja nacho, suruali ya kaki ya mume wangu iliyotoboka magotini, na magunia matupu. Nilitaka kushona kwetu. Mashamba niliyafanya kwa marekani, nikapiga mishono ya karibu karibu iliyonyooka, na katikati ya kila mishono miwili kitambaa kikainuka kikawa tuta. Vichaka nilivifanya kwa gunia. Nilichomoa nyuzi moja moja pembeni mpaka gunia likawa na manyoya. Kaniki niliikunja vikunjo vyembamba, nikaishona upande mmoja tu, ikalala kama maji ya bwawa yanapopigwa na upepo.

Kazi kubwa ilikuwa mawe. Kwetu kuna vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, na mtoto wa kwetu huyajua kwa miguu yake. Nilikata kaki kwa umbo la jiwe, nikaizungushia mshono, kisha nikachana kidogo kitambaa cha chini na kusindilia pamba kwa kijiti mpaka jiwe likasimama, ndipo nikaziba mchano. Kwenye matuta nilitumia pamba niliyoitoa mbegu. Kwenye mawe niliziacha mbegu makusudi, nikaongeza na nyingine. Nilitaka mkono ukipita juu ya jiwe usikie ugumu na chengachenga, si ulaini wa mto wa kulalia. Nililiminya la kwanza kwa macho yaliyofumba, nikajisikia nipo kwetu.

Wifi alinitazama siku zote hizo bila kusema neno. Siku alipoamua kusema, alichagua siku ambayo wanawake wa jirani walikuwa wamekaa uani petu wakichambua mboga. Aliunyanyua mfarishi kwa vidole viwili, akawaonyesha.

"Mwaka wa pili huu," akasema, kwa Kiswahili ili nami nisikie vizuri. "Tumbo lake tupu. Nguo ndiyo kaitia mimba."

Walicheka. Hata yule niliyemdhania ni rafiki yangu alicheka, akaficha mdomo kwa kanga. Mimi nilitoboa sindano kwenye kitambaa, nikaendelea kushona, na nakumbuka kwamba mshono ule ulipinda.

Baada ya hapo likatokea jambo kambini kwa wachimbaji. Mwanamume mmoja alikamatwa na askari, na ndani ya ukosi wa koti lake wakakuta punje za dhahabu ya wizi zimeshonewa. Alichukuliwa mbele ya mke wake na watoto, akafungwa. Wiki nzima watu hawakuzungumza jambo lingine. Wanawake walitazamana nguo. Na wifi yangu akaanza kuuminya mfarishi wangu, ambao sasa nilikuwa nimeumaliza na tunajifunika usiku. Akipita karibu nao ulipoanikwa, kidole gumba chake kinakwenda kwenye jiwe. Kinabonyeza, kinasugua, kinahamia lingine.

"Humu mna nini?" aliniuliza mara moja.

"Pamba."

"Pamba ina punje?"

Ningemwambia habari ya mbegu. Lilikuwa neno moja tu. Lakini nilikuwa nimekumbuka kicheko cha uani, nikasema, "Kwenu hamlimi pamba, utajuaje?" Nikaingia ndani. Nasema hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linamtetea.

Siku chache baadaye nilitoka asubuhi kwenda kijitoni. Nilirudi jua la saa sita, karai kichwani. Mbuzi wa jirani alikuwa mlangoni petu anatafuna kitu, na pamba ilikuwa imetapakaa uani, imenasa kwenye kuni na kwenye ua wa miti. Wifi alikuwa ameketi kwenye kigoda, wembe umelala kando yake. Mfarishi ulikuwa mapajani pake, mgongo juu, umechanwa karibu kila penye jiwe. Mbele yake palikuwa na ungo. Alikuwa anapepeta mbegu za pamba. Alizipepeta kwa uangalifu kabisa, kisha akachukua mbegu moja akaiuma, akaitema, akachukua nyingine.

Hakuinuka aliponiona. Hakuona hata haya.

"Ungesema ni mbegu," akasema.

"Ungeuliza."

"Nilikuuliza. Ukanitolea jeuri ya Kisukuma."

Sikumbuki nilitua vipi karai. Nakumbuka ungo mikononi mwangu, na mbegu zikimpiga usoni. Akanishika nywele. Nikamuuma mkono, chini ya kiwiko, nikasikia ladha ya chumvi. Majirani waliruka ua wakatutenganisha, na mmoja wao, mwanamke mtu mzima, akaniambia mimi, si yeye, "Mwanangu, huyo ni mkubwa wako."

Nilipoachwa peke yangu nilikaa chini kuokota pamba. Niliupindua mfarishi nione kama kuna kilichobaki. Jiwe moja la pembeni, lililo karibu na upande wa miguu, halikuwa limechanwa kwa wembe. Wifi alilipita. Nikalitazama vizuri, nikaelewa kwa nini alilipita. Lilikuwa limekwisha kukaguliwa na mtu mwingine kabla yake, likachanwa na kuzibwa tena. Lilizibwa kwa uzi wa katani, mnene, umekunjwa mara mbili, mafundo makubwa kama kunde. Mimi nilitumia uzi mweusi mwembamba, na fundo langu huwezi kuliona. Uzi ule wa katani niliujua. Ndio mume wangu alioshonea mifuko ya mawe ya mgodini.

Majuma mawili nyuma nilikuwa nimeona kwamba jiwe lile limelegea, na nilijilaumu. Nilidhani sikulisindilia vizuri.

Mume wangu aliporudi jioni nilimngoja anawe miguu. Dada yake alikwisha kumweleza yake akiwa njiani. Nilimwekea ile kona mapajani.

"Huu ni uzi wa nani?"

Alitazama pembeni. "Yule mtu alifungwa," akasema. "Nawe unashinda kijitoni. Kama wangekuta kitu, ningefungwa mimi."

"Ungeniuliza."

"Mwizi huulizwa?"

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya sabuni. Dada yake, mwanzo hadi mwisho, hakunishangaza. Huyu alikuwa amelala kando yangu majuma mawili chini ya nguo ile ile, ameifunika miguu yake kwa jiwe alilolichana kwa mkono wake, na asubuhi alikuwa akinisifu kwamba ina joto.

Kesho yake niliutandika mfarishi juu ya ua wa mbele, mgongo nje, matumbo ya mawe yakining'inia wazi. Kila aliyepita njiani aliuona. Waliouliza nani kafanya hivi niliwajibu, "Waulizeni wenye nyumba." Siku ya kwanza wifi alijifungia ndani. Siku ya pili alitoka akaanza kunitukana kwa Kizinza, na sasa nilimwelewa neno kwa neno, nikamrudishia kwa Kisukuma, na hakuna aliyetuamua. Siku ya tatu mume wangu akaniambia, "Toa ile nguo."

"Nitaitoa ukisimama pale uwaambie kwamba ile kona ni wewe."

Akanipiga kofi. Halikuwa kubwa. Kisha akatoka, akauvuta mfarishi mpaka ukachanika zaidi kwenye miti ya ua, akautupa ndani.

Niliondoka alfajiri ya siku iliyofuata. Sikubeba mfarishi. Nilipanda lori, nikatembea, nikapanda lori lingine lililobeba magunia, nikafika kwetu miguu imevimba. Mama alikuwa akitwanga. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akasikiliza habari yangu yote bila kuweka mchi chini.

"Umeacha mume," akasema nilipomaliza, "kwa ajili ya tandiko?"

"Si tandiko, mama."

"Ni nini basi?"

Nilijaribu kumweleza habari ya uzi wa katani. Hata masikioni mwangu mwenyewe ilisikika kama upuuzi.

Mume wangu alikuja wakati wa kuvuna pamba, akiwa na baba yake mdogo. Walikaribishwa vizuri, wakachinjiwa kuku. Baba yangu alinipa ishara nikae karibu na mlango. Mume wangu aliomba radhi kwa niaba ya dada yake, kwa maneno mazuri sana. Alisema dada ni mtu mzima mwenye uchungu, kwamba atamhamisha, kwamba atanijengea jiko langu. Baba alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Nilijua amefurahi, maana ng'ombe wa mahari walikuwa zizini na alikuwa ameanza kuwaona ni wake.

"Na ile kona?" nikauliza.

Mume wangu akanitazama usoni, na macho yake hayakucheza.

"Kona ipi?"

Nilimgeukia baba. "Baba, sirudi."

Baba hakunipigia kelele mbele ya wageni. Alingoja waondoke, ndipo akasema aliyoyasema, na mengine siwezi kuyaandika. Kaka yangu alisema wanaume wote hukagua, na kwamba mwanamke anayetaka kuaminiwa asishone nguo zenye maficho. Baada ya mazungumzo ya siku nyingi ng'ombe walirudishwa. Baba mwenyewe aliwatoa zizini, jike mmoja mwekundu akitangulia, na alipofunga miti ya lango hakugeuka upande niliokuwa nimesimama.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda shambani kuchuma pamba. Mama alishika mstari wake, mimi nikashika wa pili yake. Tulikwenda hivyo mpaka jua likawa kali, mifuko imejaa viunoni. Nilidhani hatasema kitu siku ile. Tulipofika mwisho wa mistari alijinyoosha mgongo, akafuta uso kwa ncha ya kaniki.

"Yule ng'ombe jike mwekundu," akasema, "ndiye aliyekuwa na maziwa."

Akageuka akaanza mstari mwingine.