Meza Fupi ya Kupakia Majani

Nakumbuka asubuhi niliyoshindwa kumwinua mtoto wangu kitandani. Alikuwa wa miezi mitano, analia, ananinyooshea mikono, na mimi nimekwama juu yake nimeinama. Usicheke, mwanangu. Najua sina mvi za kukuita hivyo, lakini mgongo wangu ulizeeka kabla yangu, kwa hivyo nisikilize kabla hujaingia kazini.

Nilikuwa napakia majani kwenye kiwanda kimoja cha chai huku Konoin. Pakiti zinakuja juu ya mkanda wa mashine, unazipanga ndani ya katoni, unasukuma katoni. Kazi rahisi, ila meza ilinifika mapajani, na mimi ni mrefu. Kutwa nzima nimeinama. Nikafanya nini? Nikachukua ile leso niliyofungwa tumbo baada ya kujifungua, nikajikaza nayo kiuno chini ya koti la kazi, nikanyamaza. Hata nilijivunia! Huku kwetu mwanamke akilalamika huitwa mlegevu, na shuleni tulikaririshwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Mbivu gani? Mimi nilikula dawa za maumivu tu.

Asubuhi hiyo kogo, nyanya ya mume wangu, ndiye alimwinua mtoto. Kisha akaniona nikijifunga.

"Unafunga nini?"

"Mgongo, kogo."

"Na mgongo umekosa nini? Si meza ndiyo fupi? Ng'ombe akiwa mrefu, wewe utamkata miguu ndio afikie kihori?"

Niliona aibu. Halafu nikakasirika, na hasira hiyo sijaijutia mpaka leo.

Nilifika kazini bila leso, nikamwambia supavaiza meza iinuliwe.

"Mama Chebet, wenzako wanavumilia. Ni wewe peke yako uko na mdomo?"

"Wenzangu wanaumwa. Waulize."

Wenzangu wakainamia katoni zao. Mwanangu, hilo liliniuma kuliko mgongo. Kisha Wanjiru, ambaye ni mfupi kuliko sisi wote, akasema mabega yake yanawaka kwa kunyoosha mikono mpaka kwa mkanda. Mwingine akataja shingo. Mwingine magoti.

"Basi pakia na sisi mpaka chai ya saa nne," nikamwambia supavaiza.

Alicheka, akakunja mikono ya shati. Saa tatu na nusu haijafika, alikuwa ameshika kiuno.

"Mkubwa, tukuletee leso?" Wanjiru akamuuliza. Tulicheka mpaka watu wa mashine wakaja kuangalia kuna nini.

Alienda mwenyewe kumwita fundi. Wiki hiyo meza yangu ikaongezwa miguu ya chuma, ikanifika karibu na viwiko. Wanjiru akatengenezewa jukwaa la mbao la kusimamia, na mkanda ukasogezwa karibu yake. Baada ya muda nilimwinua Chebet bila kushika ukuta, nikamrusha juu, nikamdaka, mpaka kogo akatugombeza sote wawili.

Basi shika hili, mwanangu: mficha uchi hazai. Mwili ukiuma, sema mapema, na uwatafute wenzako wanaoumwa kimyakimya mseme pamoja. Vumilia baridi ya milima hii ya Mau, vumilia mtoto mkorofi. Lakini kitu ambacho fundi anaweza kukimaliza kwa siku moja, usikivumilie hata wiki. Mungu akupe kazi, akupe na mgongo wa kurudi nao nyumbani. Uzee ukukute umesimama wima.