Rimoti ya Dirishani kwa Mama Mkwe

Watu wa Nyakato wakinunua simu mpya huja kwangu. Waweke programu gani, tamthilia ipi inafaa, jarida lipi la kumpelekea mama. Wanakuja kwa sababu mwenye stashahada ya kompyuta mtaani ni mimi, na niliisomea kwa kubeba zege Mwanza; hakuna mjomba aliyenilipia. Nami huwapendekezea tu vitu nilivyovijaribu ukweni, Bukima.

Jarida, chukua lile la mapishi lenye jalada linalong'aa. Kwa desturi yetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawakai chumba kimoja. Zamani tukikutana uani mama mkwe alijifunika kanga haraka haraka. Tangu nimpelekee rundo la majarida, anainua jarida kuficha uso. Mimi mama mkwe wangu namjua kama yule dada wa jaladani anayecheka, ameshika sahani ya pilau. Karatasi ni nzuri, haipitishi mwanga.

Tamthilia, tazama ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, ile ya ndugu wawili na mwanamke mjamzito. Ndiyo aliyoipenda mama mkwe nilipompelekea televisheni. Niliinunua Bunda, kubwa kuliko dirisha, nikaifunga mwenyewe. Bukima nzima ilijua ni ya mkwe aliyerudi na stashahada kutoka mjini. Ikionekana mbovu, stashahada yangu ndiyo mbovu.

Jioni moja wao walikaa sebuleni, mama mkwe, mke wangu na majirani. Mimi nilikaa nje chini ya dirisha, mahali pangu halali, nasikia kila neno. Sasa wale Waturuki wakaanza kuitana "mpenzi wangu" kwa sauti nzito. Aibu gani hii, mimi na mama mkwe tusikilize mahaba pamoja! Simu yangu ina programu inayoifanya rimoti. Nikainyoosha dirishani, nikabonyeza. Wapenzi wakapotea, akaja bwana shamba anaeleza kuogesha ng'ombe.

"Kimetokea nini?" mama mkwe akauliza.

Wakarudisha. Wapenzi wakakumbatiana, nikabonyeza tena. Ng'ombe. Nilikuwa najichekea mpaka mbavu zinauma. Ndipo mwanamke akasema, "Baba wa mtoto huyu ni..." huku akimvuta yule kaka mkubwa kifuani. Nikabonyeza.

Kelele iliyotoka sebuleni iliamsha kuku. Walipopata kituo, kipindi kilikuwa kimekwisha.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia mke wangu, kwa sauti ya kunifikia, "mwambie mwenye televisheni yake kesho aichukue. Nilikuwaga na redio, haijawahi kunikatizia mtu anayezaa."

Jirani mmoja akadakia, "Kumbe huko mjini walimuuzia bovu!"

Bovu! Mimi!

"Mke wangu," nikasema dirishani, "mwambie mama televisheni haina ubovu hata kidogo. Ni mimi nabonyeza, kwa simu, kwa ajili ya heshima."

Kisha mama mkwe akasema, taratibu, "Mwambie mkwe wangu nimezaa watoto tisa. Hao wote anadhani niliwapata kwa taarifa ya habari?"

Majirani walicheka mpaka mmoja akatoka nje kushika ukuta.

"Na mwambie televisheni inabaki. Simu ndiyo aweke hapo dirishani."

Jarida la pilau likasogea hadi dirishani, na chini yake mkono ukatoka, ukachukua simu yangu.

Kesho yake mchana kipindi kilirudiwa. Nilikaa palepale nje, sina simu, sina la kubonyeza. Mahaba yalipoanza niliziba masikio kwa vidole viwili kama mkwe mwenye adabu zake. Ila mwanamke alipofika kwenye "Baba wa mtoto huyu ni", kidole kimoja nilikilegeza. Mtu mwenye elimu hawezi kukaa bila kujua mtoto ni wa nani.