Jicho Ahojiwa Kupitia Mkewe

Fundi saa aliyebandikwa jina la Jicho alikuwa amemiliki bunduki kwa leseni miaka ishirini na miwili, wala hakuwahi kuielekeza hata kwa ndege. Kila Jumamosi alikwenda klabu ya shabaha, akatoboa karatasi zake, akarudi nyumbani moyo mweupe. Ndipo ikatoka sheria mpya: kila leseni ihakikiwe upya ndani ya siku tisini, na mke au mume wa mwenye silaha ahojiwe peke yake.

"Utaratibu tu huo," alimwambia mkewe. "Dakika tano umemaliza."

Mkewe alijitanda mtandio.

Kituoni, afisa alimwita mke wa Jicho ndani, mlango ukafungwa. Jicho akabaki kwenye benchi, mfuko wa bunduki magotini. Dakika tano zikapita. Kumi. Ishirini. Mwenzake wa klabu, daktari wa mifugo, alitoka chumba cha pili akipunga karatasi iliyogongwa muhuri.

"Bado tu? Au shemeji anawasimulia unavyokoroma?"

Jicho alicheka, akautazama tena ule mlango uliofungwa.

Mkewe alitoka macho mekundu.

"Umewaambia nini?"

"Siku ile tulipotoka kumzika kaka yako. Ulijifungia stoo, nikakuchungulia dirishani. Ulikuwa umeipakata bunduki, na risasi umeshaitia."

Damu ilimpanda kichwani. Mwaka mzima alidhani siri ile ni yake peke yake.

"Umenivua nguo mbele za watu!" alifoka. Askari wa kaunta akanyanyua kichwa, mkono ukimshuka kiunoni.

"Bora nikuvue nguo kuliko nikuvishe sanda," mkewe alisema.

Jicho alisimama. Polepole, mikono ikionekana, akauweka mfuko juu ya kaunta. Askari akaandika namba ya bunduki, akampa stakabadhi: itashikiliwa miezi sita, naye aonane na daktari wa akili kwanza.

Wakarudi nyumbani. Mlangoni pa nyumba Jicho akashindwa kuingia.

"Ulisimama pale dirishani mpaka saa ngapi?"

"Mpaka ulipoitoa risasi."

Aliketi pale pale kizingitini, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mkewe akaketi kando yake.

Daktari alimwona kila wiki. Miezi sita ilipokwisha, hakuifuata bunduki yake. Siku hizi Jumamosi anafundisha wanachama wapya, kwa silaha zinazofungiwa klabuni.