Makombe Juu ya Fuvu

Udongo wa chini sana una harufu yake, ya ubaridi na chumvi, na mie mpaka leo nikiinusa nywele hunisimama. Niliinusa kwanza Boko, enzi za Mwingereza, kiangazi mama alipochimbisha kisima uani kwa bibi. Nilikuwa na miaka tisa. Siku ya nne, mchana kweupe, wachimbaji walipanda juu mbio wakaacha sururu. Ukutani mwa shimo, chini kabisa, fuvu la mtu lilikuwa limejitokeza.

Majirani wakajaa, wote wakamkodolea bibi macho. Babu alitoweka kabla sijazaliwa. Bibi alisema amekwenda Mombasa kutafuta kazi, na ndugu zake babu hawakumwamini hata siku moja. Mdogo wake babu akamwambia mbele ya watu, "Leo utasema, shemeji. Nimeshaita polisi." Bibi akaendelea kuchambua mchele. Jamani, niliogopa! Nikaing'ang'ania kanga yake.

Polisi alikuja na karani mmoja wa kutoka bara, aliyekuwa akipima miamba njia ya Bagamoyo. Akateremshwa kwa kamba, na sauti yake ikawa inatoka ardhini, nzito, si ya mtu tuliyemwona. "Mchanga huu wa juu umekuja mwisho. Udongo mwekundu umeutangulia. Makombe haya ya chaza wa pwani yaliyo chini yake ni ya kale zaidi. Mtu akizikwa, lazima matabaka haya yakatwe, na udongo wa kufukia huwa mchanganyiko. Hapa makombe yamepita juu ya fuvu, hayajakatika. Huyu alilala hapa kabla ya makombe. Si wa juzi."

Shemeji mtu akaomba radhi kwa aibu. Mifupa ikavishwa sanda, ikazikwa. Nililia kwa furaha.

Karani alipokuwa akinywa kahawa, bibi akamuuliza polepole, "Na palipokatwa, mwanangu, alama hudumu?"

"Hudumu, bibi. Sisi tutakufa, yenyewe itabaki."

Bibi akageuka kutazama nyuma ya jiko. Kesho yake alijenga banda la kuku pale, na hakuruhusu mtu achimbe hapo hata shimo la nguzo.

Siku hizi Boko imejaa majumba, na kiwanja ni changu. Wiki iliyopita mjukuu wangu alileta fundi wa kuchimba shimo la choo nyuma ya jiko. Nimemkatalia, ananiona mkorofi. Kusoma ukuta wa shimo ninajua tangu siku ile ya karani, ni kazi ya asubuhi moja tu. Lakini bibi ndiye aliyenilea, na ninampenda. Sitaki kujua.