Tangi la Baba Irakoze

Mume wangu Mpawenimana, baba wa mtoto wetu Irakoze, anamwogopa kila mtu mwenye kofia ya kazi. Hata mlinzi wa shule humwamkia mara mbili. Baba yake alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, lakini yeye kazaliwa huku, kasoma huku, kanioa huku, na cheti chake cha uraia kinakaa kwenye bahasha ya plastiki juu ya dashibodi ya pikapu yetu. Akiwa safarini hasemi Kirundi hata neno moja. Nimemwambia mara ngapi kwamba Waha wamejaa kila kona, Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, hakuna atakayegeuka kumtazama. Hasikii. Jasiri wa nyumba nilikuwa mimi Dorcas, na nilihakikisha analijua hilo.

Kazi yetu ni kubeba maharage kutoka Kibondo hadi soko la Kasulu. Katikati ya masika tangi la gari likaanza vituko. Ukichomeka mkono wa pampu, mafuta yanaingia kidogo, pampu inajikata, povu linarudi juu. Unangoja, unajaribu tena, inajikata tena. Kujaza tangi kulichukua karibu nusu saa.

Kwingine watu wangetucheka tu. Huku kwetu, tangu mafuta yawe adimu ng'ambo ya mpaka, wapo wanaofunga tangi la pili chini ya gari, wakalijaza na kuvuka nalo. Gari linaloganda kwenye pampu linaangaliwa kwa jicho jingine.

Alhamisi moja pale Kibondo binti wa sheli alichoka kungoja, akatutania. "Baba, hili tangi lina mdogo wake huko chini?"

Mwanaume mmoja aliyekuwa anakunywa soda mlangoni akainua kichwa. Akaja, akalizunguka gari letu polepole, akainama kuchungulia chini, kisha akatoa simu na kusogea pembeni. Mpawenimana akamwambia binti inatosha. Tangi lilikuwa halijafika nusu. Akapanda, akawasha gari, tukaondoka.

Njiani akaniambia wakilichukua gari tumekwisha. Halafu akasema jambo linalomnyima usingizi siku zote, kwamba wakianza na gari watamalizia na cheti. Nikamwambia aache woga. Akanijibu kwa methali yake ya kila siku, kwa mwoga huenda kicheko. Nikamwuliza hicho kicheko kitafika lini, maana kwetu mwaka mzima sijakisikia.

Pikipiki ikatufuata kutoka Kibondo, kilima baada ya kilima. Akipunguza mwendo, nayo inapunguza. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Nilimcheka, lakini kwa kweli nami sikuacha kuitazama kwenye kioo, na ile pikipiki ilipokata kona kuingia kijijini na mikungu yake ya ndizi, nilishusha pumzi kimyakimya asisikie.

Tulipoingia Kasulu hatukwenda sokoni. Tulikwenda moja kwa moja gereji kwa fundi Twalibu, Muha mwenye maneno machache. Akaingia chini ya gari, akakaa huko muda mrefu. Kisha akamwita mume wangu.

"Mzee, hii nani kawafungia?"

Akatuonyesha. Ubavuni mwa bomba kubwa la kujazia mafuta kuna mpira mwembamba. Mafuta yakiingia, hewa ya ndani ya tangi inatokea humo. Hewa isipopata njia, mafuta nayo yanakataa kuingia. Mpira wetu ulikuwa umezungushiwa kipande cha kitenge, na juu yake ukanda wa tyubu ya baiskeli, ukakazwa mpaka ukabanana kabisa.

Mpawenimana akakaa juu ya tairi kuukuu. "Kuna mtu ananitafuta," akasema. Akaanza kuwataja mmoja mmoja, jirani yetu Nduwayezu, dalali wa maharage, hata mzee wa kanisa aliyewahi kuazima gari. Kila jina alilotaja alilitaja kwa uchungu, kama mtu anayezika. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kile kitenge. Cha njano, chenye majani ya kijani. Nilikikata mwenyewe kwenye aproni yangu.

Siku chache kabla ya vituko kuanza, askari mmoja njiani alisema gari letu linanuka mafuta, akatuweka juani kwa saa mbili nzima. Kesho yake, mume wangu alipokuwa kanisani, nilinusanusa hadi nikaupata ule mpira, una ufa. Nikaufunga kama ninavyofunga mzigo wa kuni. Sikumwambia, maana angeacha kuendesha. Sikujua kwamba tangi linahitaji kupumua.

"Ni mimi, Baba Irakoze," nikasema. "Niliogopa ile harufu."

Aliinuka kutoka kwenye tairi. Kisha, katikati ya gereji, watu wanasikia, akaniuliza kwa Kirundi, "Nawe uratinya?" Na wewe unaogopa?

"Kila siku," nikamjibu.

Twalibu alielewa kila neno. Aliinama akatafuta spana, na spana ilikuwa mkononi mwake.

Akatuwekea mpira mpya, tukaenda kushusha maharage sokoni. Kwenye sheli ya pale Kasulu tangi lilijaa kabla sijamaliza kufunga kanga yangu vizuri, na hakuna aliyetutazama. Nilitegemea afurahi. Tukirudi nyumbani aliendesha polepole kuliko asubuhi, macho kwenye kioo, na hapo ndipo nikaona nilichomfanyia. Miaka yote ile alithubutu kutoka nyumbani kwa sababu aliamini mmoja wetu haogopi.

Karibu na Kibondo tukasimamishwa kwenye kizuizi. Askari akaja upande wake. Mpawenimana akanyoosha mkono juu ya dashibodi kuchukua bahasha, akapapasa, hakuikuta. Ilikuwa mapajani mwangu tangu Kasulu, nimeishika kwa mikono miwili.