Shabaha Iliyovaa Viatu

Enoch Pilbeam alikuwa mzito wa kila kitu. Kabla ya kuingia jeshini alichunga kondoo huko Kent, na hata viazi alivitafuna kama kondoo, taratibu, akitazama mbali. Bunduki ikifika begani, aliikazia macho shabaha mpaka wenzake wakaanza kupiga miayo. Tulimwita Konokono.

Lakini macho alikuwa nayo, ndiyo maana alichaguliwa kuilengea kombania yetu kwenye mashindano ya kombe, kiangazi cha 1866. Asubuhi hiyo Kapteni Wadlow alimwambia mbele ya wote, "Pilbeam, ukituchelewesha leo, kesho unarudi jikoni kumenya viazi, na bunduki ya mashindano huigusi tena."

"Nimesikia, Afande," akajibu Enoch, polepole vilevile, na watu wakacheka. Yeye hakucheka. Tangu avae koti jekundu, kulenga shabaha ndicho kitu pekee alichokipenda.

Mimi, Amos Tickner, kazi yangu ilikuwa kule kwenye shabaha yenyewe, bamba la chuma lililopakwa chokaa. Risasi ikigonga, nilichomeka bendera nyekundu ili wasipige, nikatoka handakini na ndoo ya chokaa, nikalifuta doa kwa brashi, nikarudi kujificha. Kufikia alasiri nilikuwa mweupe pee toka kofia hadi suruali.

Ikabaki risasi moja, ya Enoch. Nilichomeka bendera, nikatoka. Nikiwa nimeinama mbele ya bamba napaka, upepo wa baharini ukailaza bendera nyuma yangu. Sikuona. Wao waliona bendera imeshuka na chuma kiko cheupe, safi.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Kapteni alisema, "Piga." Enoch akalenga. Akaendelea kulenga.

"We Konokono, unamngoja nani?" sajini akanong'ona.

"Pilbeam," akasema Kapteni, "piga, la sivyo jikoni."

Enoch akaondoa kidole kwenye bunduki. "Afande, shabaha imevaa viatu."

Watu wakaangua kicheko. Kapteni akanyakua darubini kwa hasira, akatazama. Buti zangu nyeusi zilikuwa pale chini ya bamba. Wanasema alikaa chini majanini, yeye na heshima zake zote.

Baragumu la kusimamisha upigaji lilipolia niligeuka, nikaiona bendera imelala. Nikarudi handakini kwa kutambaa.

Ndipo Enoch akapiga, akakosa, kombe likaenda kwa wengine. Sijawahi kufurahia kushindwa kama siku ile. Kapteni alimwambia tu, "Mwakani wewe tena, Pilbeam. Na hakuna atakayekuharakisha."

Jioni nilimpelekea bia. "Enoch, ndugu yangu," nikamwambia, "toka mbali kote kule, uliwezaje kuniona?"

Akanywa. Akafuta masharubu. Akaiweka bilauri mezani, akaanza kufikiri. Nikamngoja. Ningemngoja mpaka asubuhi.